Kipunjabi na Adabu Zake: Niliyojifunza kwa Wazee wa Southall

Watu wengi niliowaambia kwamba najifunza Kipunjabi, lugha ya eneo la Punjab lililoko India na Pakistan, waliniuliza swali lilelile: kwa nini nijitaabishe na lugha ya makelele? Hawakuwa Waswahili wenzangu tu. Wapunjabi wenyewe, vijana waliozaliwa Uingereza na akina mama waliokulia Lahore, Pakistan, waliniambia kwamba lugha yao ni ya mashambani, ya matusi na nyimbo za harusi, na kwamba anayetaka adabu na ajifunze Kiurdu. Nimehudumia wazee majumbani mwao hapa Southall, magharibi mwa London, kwa muda wa kutosha kuyakataa maneno hayo. Kipunjabi kinamlazimisha mtu kuamua, karibu katika kila kitenzi anachokitamka, kama anamheshimu anayesema naye au la. Kiswahili chetu, pamoja na adabu zake zote, hakitubani hivyo.

Naandika haya kwa ajili ya Mswahili yeyote anayeishi au kufanya kazi na Wapunjabi, awe Nairobi, Mwanza, Dubai, Birmingham au Toronto.

Mimi ni mtu wa Tanga. Utotoni niliwajua Masingasinga kwa vilemba vyao na karakana zao, na zaidi ya hapo sikujua kitu. Southall ni mji mwingine kabisa: hata kibao cha kituo cha treni kimeandikwa kwa Kiingereza na kwa herufi za Gurmukhi, zile ambazo Masingasinga huandikia Kipunjabi. Wapunjabi walianza kufika hapa kwa wingi miaka ya 1950 kufanya kazi viwandani. Baadaye wakaja ndugu zao wa Afrika Mashariki, waliotoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960 na waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Vijana wa wakati ule ndio wazee ninaowahudumia leo. Mzee akipatwa na maradhi ya kusahau, lugha aliyojifunza ukubwani mara nyingi ndiyo inayotangulia kumtoka. Kiingereza kinapungua wiki hadi wiki, na kinachobaki ni Kipunjabi cha kwa mama yake. Mhudumu asiyekijua hubaki kufanya kazi kwa ishara za mikono, na mzee anayeshikwa mwili na mtu asiyesema naye huogopa. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kuanza.

Somo la kwanza halikunipa taabu, kwa kuwa nilikuja nalo kutoka nyumbani. Kwetu mtoto wa kike akiitwa huitika "abee", na wa kiume "naam". Anayeitika "nini?" hurudishwa aanze upya. Mpunjabi aliyelelewa vizuri akiitwa huitika "ji" au "hanji", na anayeitika "ki?" au "hain?" hutazamwa kwa jicho lilelile alilokuwa akinitazama nalo bibi yangu. Hiyo "ji" ndogo hukaa kila mahali. Ndiyo ni "hanji", siyo ni "nahin ji". Mama ni "mata ji", daktari ni "daktar ji", na jina la mtu halitajwi likiwa tupu ikiwa mwenyewe amekuzidi umri. Ukikaa karibu na Mpunjabi anayezungumza kwenye simu na mkubwa wake, utamsikia akisema "hanji, hanji, hanji" kabla hata hujajua mazungumzo yanahusu nini.

Kazi yenyewe inaanzia kwenye neno la "wewe". Kipunjabi kina mawili. "Tu" ni kwa mtoto, kwa rafiki wa karibu, na kwa mtu unayemwona yuko chini yako. "Tussi" ni kwa watu wengi, na pia kwa mtu mmoja unayemheshimu. (Msomaji asishtuke na sauti ya neno hilo, halina udugu wowote na tusi letu, na irabu yake ya mwisho hupitia puani.) Msomaji wa Kampala anayesalimia mtu mmoja kwa "mwasuze mutya", au wa Kigali anayesema "mwaramutse", ameshaelewa jambo hili bila maelezo: mtu mmoja anasemeshwa kama wengi kwa sababu ya uzito wake.

Lakini kubadili "tu" kuwa "tussi" hakutoshi, maana kitenzi lazima kifuate. "Tera naam" ni jina lako wewe mtoto, "tuhada naam" ni jina lako wewe mkubwa. "Aa" ni njoo ya mtoto, "aao" ni ya mtu mzima, na "aao ji" tayari ni kukaribisha. "De" ni nipe, na "deo ji" ni ile "naomba" yetu ya Tanga. Anayesema "tussi" kisha akamalizia na kitenzi cha "tu" anasikika kama mtu anayepiga goti huku amekushika kola. Wapunjabi husamehe mengi katika matamshi. Lugha yao ina toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana ya neno, na mgeni huchanganya "kora" ya mjeledi, "kora" ya farasi na "kora" ya mkoma, watu wakacheka na kusonga mbele. Kitenzi cha mwisho wa sentensi hakichekewi, kwa sababu msikilizaji hajui kama umekosea sarufi au umemshusha hadhi.

Kilichonigusa zaidi ni heshima inayomfuata mtu hata asiposemeshwa yeye. Kwa Kiswahili nikimtaja mama aliyekuja nasema "mama amekuja", awe mbele yangu au hayupo, na hakuna anayehisi kitu. Kwa Kipunjabi mama huyo mmoja husemwa "mata ji aaye ne", yaani kwa kitenzi cha wengi, tena mara nyingi cha wanaume wengi ingawa yeye ni mwanamke. Sasa fikiria chumba cha mgonjwa. Mzee amelala, mwanawe amesimama upande huu, mimi upande ule, muuguzi yuko kwenye simu, na sote tunazungumza juu ya mzee kana kwamba hayumo. Katika hali hiyo mtu anaweza kusema "khanda nahin", hali chakula. Au anaweza kusema "Bauji roti nahin khande", baba hali chakula, na kwa irabu moja tu, a iliyogeuka e, mzee aliyefumba macho anasikia kwamba bado yumo katika hesabu ya watu wa chumba kile. Nimewaona wakigeuza shingo kuangalia ni nani aliyesema. Maradhi yanaweza kuwa yamewanyang'anya majina ya watoto wao, lakini irabu hiyo wanaisikia.

Jambo la pili linahusu wenzangu kazini. Wahudumu wengi wasio Wapunjabi huniambia kwamba wazee hawa ni wakali, kwamba wanaamrisha tu: maji, dawa, fungua dirisha, bila "tafadhali" wala "asante". Nawaeleza kila mara, na nitaendelea kuwaeleza. Kipunjabi kina neno la tafadhali, "kirpa karke", au "meharbani karke" kwa watu wa Pakistan, lakini makazi yake hasa ni kwenye barua na matangazo. Nyumbani husikii. Ombi limeshawekwa adabu ndani ya kitenzi chenyewe, "deo ji", au limegeuzwa kuwa swali la wakati ujao: "Tussi chah piyoge?" Mtakunywa chai? Mzee aliyezoea adabu hiyo akihamia Kiingereza hukuta kitenzi hakina mahali pa kuitundika, na hakumbuki kuongeza lile neno la pembeni ambalo Waingereza wanalisubiri. Sisi tunalijua hili. Mtanzania akifika Nairobi akasikia mtu mkahawani anasema "nipe chai" pasipo "naomba", hudhani ameingia kwenye ugomvi, na Mkenya wa watu hana ubaya wowote.

Asante nayo ina mahali pake. "Dhanvaad" na "shukriya" zipo, lakini ukimshukuru mtu wa nyumbani kwa kila kikombe cha chai unamfanya mgeni. Mzee hunilipa kwa dua. Nikimaliza kumfunika miguu husema "jiundi reh, puttar", uishi mwanangu. Vijana wa Kipunjabi wakimwendea mkubwa huinama wakasema "pairi pauna" huku wakigusa miguu yake, naye huweka mkono kichwani mwao na kuitikia kwa dua hiyohiyo. Mtu aliyekulia kwenye shikamoo na marahaba anajisikia nyumbani mara moja. Ila asikurupuke: Masingasinga wengine hawapendi kuinamiwa, kwa imani kwamba kichwa cha mtu huinama mbele ya Guru Granth Sahib, kitabu chao kitakatifu, peke yake, na humzuia kijana kabla mkono haujafika chini. Kwa hao viganja viwili vilivyokutanishwa na "Sat Sri Akal ji" vinatosha. Mpunjabi Mwislamu husalimiwa kwa salamu ileile tunayoijua pwani nzima, na Mhindu kwa "namaste ji". Kilemba, picha ukutani na jina la mlangoni humwambia mgeni mwenye macho atumie ipi.

Nirudi kwenye kazi ya mikono, kwa sababu hapo ndipo maneno haya yanapopimwa. Kuna wazee wa kiume waliokuwa mafundi wakuu, waliosimamia karakana na watu wengi, na leo wanahitaji mtu wa kuwafunga vifungo vya shati. Aibu yake ni kubwa kuliko maumivu. Tunafundishwa kuomba ruhusa kabla ya kumgusa mtu, na Kipunjabi kinaifanya kazi hiyo kwa namna ambayo Mswahili anaikamata upesi: "Bauji, main tuhadi baanh phar lavan?" Baba, nikushike mkono? Ile "lavan" ya mwisho ni sawa na "nikushike" yetu, inamwachia yeye uamuzi. Akikubali, nasema "utho ji", inuka, kisha "hauli hauli", polepole. Maji yakimwagika, au akichelewa kufika msalani, nasema "koi gal nahin ji", hamna neno. Wazee walioamshwa na mtu mwingine kwa "uth" kavu nimewakuta wamekaza mwili mzima, viwiko vimebana mbavuni, na kumvisha mtu aliyekaza mwili kunamwumiza yeye na mhudumu. Kwa hiyo sikubali mtu aniambie kwamba adabu ni pambo la maneno. Katika kazi yangu inaokoa mabega ya watu.

Kuna watu wawili walionifundisha kuliko kitabu chochote, na wao wenyewe hawajawahi kukutana.

Wa kwanza ni bibi aliyeishi Nakuru mpaka mwaka 1968. Siku aliyojua kwamba natoka Tanga uso wake wote ulichanua, akaanza kunisemesha Kiswahili. "Kuja hapa! Keti. Lete kikombe. Upesi upesi. Wewe natoka wapi?" Kila alichokijua kilikuwa amri. Na alikuwa akinionyesha mapenzi. Alinishika mkono na kunilisha kwa mkono wake mwenyewe huku akiniamrisha. Kwa Kipunjabi bibi huyu ni miongoni mwa watu wenye kauli laini kuliko wote ninaowajua. Humwita mkwewe, mke wa mwanawe, kwa "tussi", jambo ambalo mama wakwe wengi hawalifanyi. Humwambia mleta barua "aao ji". Nilitafakari sana inakuwaje mtu mmoja awe mpole hivyo katika lugha moja na mkali hivyo katika nyingine.

Jibu liko katika historia. Reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu ilijengwa kati ya mwaka 1896 na 1901 na wafanyakazi wapatao 32,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao kutoka Punjab. Wengi walirudi kwao, na waliobaki hawakufika 7,000. Waliofuata baadaye walikuwa mafundi, makarani na wafanyabiashara wenye familia. Serikali ya kikoloni iliwapanga watu kwa rangi, mitaa mbali, shule mbali, hospitali mbali. Mwanamke wa Kipunjabi mjini Nakuru alikutana na Kiswahili mahali pamoja, jikoni, kwa mtu aliyeitwa "boi" hata kama alikuwa na wajukuu. Huyo hakusalimiwa kwa shikamoo na hakuambiwa naomba. Bibi alijifunza lugha yetu kikamilifu kadiri ilivyomfikia, na kilichomfikia kilikuwa lete, weka, ondoa.

Wa pili ni Mkenya, mtu wa Machakos, aliyefanya kazi ujanani katika karakana za Masingasinga eneo la viwanda la Nairobi. Sasa anasukuma vitanda hospitalini hapa London. Kipunjabi chake kinanitia wivu. Toni anazipata, zile t na d za kukunja ulimi anazipata, utani anaujua. Lakini lugha yake yote ni ya karakana: "Aa. Chuk. Phar. Rakh. Jaldi kar." Njoo, inua, shika, weka, fanya haraka. Akimwambia bibi wa miaka themanini "baith", yaani keti, kwa lafudhi safi kabisa ya Punjab, bibi yule hushtuka, kwa sababu mtu anayesikika kama mwenyeji hachukuliwi kuwa mgeni asiyejua. Anachukuliwa kuwa mwenyeji asiye na malezi. Naye hakukusudia lolote. Alikuwa akiwapa wazee wa Kipunjabi neno kwa neno kile alichopewa na mafundi wa Kipunjabi alipokuwa kijana wa kubeba vyuma.

Bibi na mtu huyu waliingia katika lugha ya mwenzake kwa mlango mmoja, mlango wa watumishi, mmoja akiwa juu na mwingine chini. Hilo lilinifanya niamue jambo moja kuhusu kujifunza lugha, na sijalibadili: mtu aanze na namna ya heshima, aishike mpaka iwe ndiyo inayotoka mdomoni bila kufikiri, kisha ndipo aruhusu namna nyingine zimjie. Wengi hufanya kinyume. Wanaanza na nyimbo, utani wa vijana na video fupi za simu, ambako karibu kila kitu ni "tu", kwa hoja kwamba adabu wataiongeza baadaye. Baadaye hiyo ni ngumu. Kitenzi kilichozoeleka ulimini hakisikii ushauri.

Kwa mtu wa Machakos dawa ilikuwa nyepesi kuliko alivyotarajia. Vitenzi alikuwa navyo vyote. Nilimwomba aongeze "o": chuko, pharo, rakho, karo, baitho. Na "ji" baada yake. Bibi wa Nakuru sikumsahihisha. Si adabu yetu wala yao kumsahihisha mzee. Nilichofanya ni kumwamkia "shikamoo, bibi" kila nilipoingia. Siku moja akaniuliza kwa Kipunjabi neno hilo ni la nini, mbona Nakuru hakulisikia. Nikamwambia ni "pairi pauna" yetu, na yeye anatakiwa kuitikia marahaba. Akanyamaza, kisha akaniuliza nani alikuwa akiamkiwa hivyo. Nikamjibu: mkubwa yeyote, hata mpishi. Tangu hapo ananidai maneno. Naomba, samahani, pole, ahsante mwanangu. Anayaandika kwa herufi za Gurmukhi kwenye bahasha za dawa.

Majina ya ukoo ni sehemu iliyonifurahisha, maana Mswahili anayo akili yake tayari. Ndugu wa baba aliye mkubwa kwa baba ni "taya ji", aliye mdogo ni "chacha ji", kama vile baba mkubwa na baba mdogo. Shangazi ni "bhua ji", na dada wa mama ni "masi ji". Mjomba ni "mama ji", nako mgeni kutoka kwetu huhitaji siku kadhaa kabla ya kuzoea kumwita mwanaume mwenye ndevu "mama". Majina haya huvuka damu. Muuza mboga aliyekuzidi kidogo ni "bha ji" au "veer ji", mwanamke wa rika hilo ni "bhain ji", na mzee yeyote ni "baba ji". Vijana wa hapa wameyafupisha yote kuwa "anko ji" na "anti ji". Silalamiki sana, kwa kuwa "ji" wameibakiza, ila nawahimiza waulize kwao huyu ni wa upande wa baba au wa mama, maana mzee akiitwa "taya ji" na mtoto asiye wake hutulia kwa namna ambayo "anko" haiwezi kumtuliza.

Gurdwara, hekalu la Masingasinga, nayo ina msamiati wake. Ile ya Havelock Road, iliyofunguliwa mwaka 2003, hulisha kila anayeingia, kama ile ya Makindu inayojulikana na kila msafiri wa barabara ya Mombasa na Nairobi. Unavua viatu, unafunika kichwa, unaketi chini pamoja na wengine. Humo chakula "hakiliwi" kwa kitenzi cha kawaida; watu huambiwa "langar chhako ji", karibuni mle langar, chakula cha pamoja cha gurdwara. Chapati inaitwa "parshada" na hupokelewa kwa mikono miwili iliyokunjuliwa. Maji ni "jal". Neno "Sahib", sahibu yetu ileile, huwekwa hata kwenye vitu na mahali: bendera ni Nishan Sahib, hekalu kuu la Amritsar ni Harmandir Sahib. Mara ya kwanza niliona ni mengi. Nilipokaa nikaona vijana wanaogawa dengu wakiinama mbele ya kila mtu, tajiri na mlevi wa barabarani, wakisema "dal ji?" kwa sauti moja kwa wote, nikaelewa kwamba lugha ile inafanya kazi ileile inayofanywa na kuketi chini.

Sasa nirudi kwa akina mama wa Lahore. Hoja yao ni kwamba Kiurdu kina daraja tatu, "tu", "tum" na "aap", na Kipunjabi kina mbili tu, kwa hiyo mtoto aliyelelewa kwa Kipunjabi atakuwa na ulimi mkavu. Hivyo familia nyingi za mjini husemezana Kipunjabi wao kwa wao na kuwageukia watoto kwa Kiurdu. Pakistan ina Wapunjabi wengi kuliko India. Sensa ya 2023 ilihesabu zaidi ya watu milioni 88 ambao Kipunjabi ni lugha yao ya kwanza, na watoto wao wengi hawasomeshwi kwa lugha hiyo. Mtoto asiyefundishwa kwa lugha hiyo shuleni, na asiyesemeshwa nayo na mama yake, ataisikia wapi? Ataisikia kwa madereva wanaogombana na kwa wachekeshaji. Kisha watu watasema: mnaona, ni lugha ya matusi. Nina uchungu na jambo hili kwa kuwa nimeketi na bibi wa Gujranwala aliyekuwa akimwita mwenzake "tussi" kwa upole ambao hata "aap" sijausikia nao. Herufi za Shahmukhi, zile za mtindo wa Kiarabu ambazo Wapunjabi wa Pakistan huandikia, nilizisoma mapema, kwa sababu ya chuo cha Qur'ani nyumbani, na barua alizoandikiwa na dada yake huko kwao nimemsomea mwenyewe. Hakuna mstari usio na "ji".

Wala "tu" si neno baya. Mungu huombwa kwa "tu". Mama mzazi mara nyingi huitwa kwa "tu" na hapungukiwi kitu. Wazee wawili waliocheza hoki pamoja utotoni wakianza kuitana "tussi", jua kuna ugomvi. Ubaya wa "tu" huja inapoelekezwa chini: kwa mfagiaji, kwa msichana wa kazi, kwa fundi bomba mwenye mvi anayesemeshwa na kijana wa nyumba kama mtoto. Nimeliona katika nyumba zenye adabu kubwa kwa wageni, na kila mara linanisikitisha. Nimeona pia mwalimu mstaafu wa shule ya msingi ya Jalandhar akimwambia mtu wa taka "veer ji, tussi chah piyoge?" mlangoni asubuhi ya baridi. Kama ningekuwa na uwezo wa kumchagulia mwanafunzi mwalimu mmoja wa Kipunjabi, ningemchagua huyo.

Wahudumu wapya wanaoletwa kwangu kuonyeshwa kazi nawaandikia sentensi za kuanzia kwenye karatasi, kwa herufi wanazozijua. Una maumivu wapi. Nikuinue. Dawa hii unywe sasa au baada ya chai. Umelala vizuri. Zote ni za "tussi", na pembeni nimeandika jina ambalo mzee wa nyumba hiyo anapenda kuitwa, maana huyu ni "mata ji", yule anataka "biji", na mwingine, aliyekuwa mwanajeshi, hageuki mpaka aitwe "sardar ji". Mmoja wa wahudumu hao, msichana wa Bujumbura, aliniuliza mbona sijaandika namna ya kuwasemesha watoto wa nyumba. Nikamwambia watoto wenyewe watamfundisha, na wasipomfundisha, awaite "tussi" nao.